Mwali Katolewa, Nani Kamfunda?

Mpenzi msomaji, leo nakuanza na mtihani mdogo. Weka simu pembeni, usichungulie. Nitajie washindi wa Bongo Star Search unaowakumbuka kwa kichwa tu.

Najua. Umetaja mmoja, labda wawili, halafu umeanza kuangalia dari. Ngoja nikusaidie. Jumanne Iddi ndiye aliyefungua njia. Mwaka 2008 akaja Misoji Nkwabi, 2009 Pascal Cassian, 2010 Mariam Mohamed, 2011 Haji Ramadhani, 2012 Walter Chilambo, 2013 Emmanuel Msuya na 2015 Kayumba Juma. Wote hawa tuliwapigia kura kwa meseji mpaka vocha zikaisha. Tuligombana nao majumbani, huyu anamtaka wa Mwanza, yule anamtaka wa Temeke, na usiku wa fainali mitaa ilikuwa kimya kama kuna mechi ya Simba na Yanga.

Sasa swali la pili. Nitajie wimbo mmoja wa kila mmoja wao. Wimbo wake mwenyewe, siyo ule alioimba mbele ya Madam Rita, Master J na Salama Jabir.

Kimya, eeh?

Sisemi haya kwa kuwakejeli. Wapo mabingwa wa kukejeli, kila mshindi akikaa miezi miwili bila kusikika wanasema "kafulia". Mimi nasema kwa sababu jambo hili limeingia mpaka sebuleni kwetu, limegusa hela ya ada na limenigombanisha na dada yangu wa tumbo moja. Ndiyo maana nimekaa nikalifikiria kuliko kawaida yangu.

MWALI WA HUKU KWETU

Naishi Tangini, hapa Kibaha. Huku ni Pwani, nchi ya Wazaramo na Wakwere, na ukishuka upande wa Kisarawe ndiyo kabisa. Wikiendi hazipiti nyingi bila kusikia ngoma ikilia mahali, na ukiuliza unaambiwa leo fulani anamtoa mwali.

Watu wengi wanaona ile siku ya kutolewa tu. Mwali amepambwa, amebebwa, watu wanamtunza noti, vigelegele mtindo mmoja. Lakini mwenyeji anajua kwamba kazi ilishafanyika kabla. Zamani mwali alikaa ndani kwa miezi, wengine hata kuzidi mwaka, na kungwi wake pembeni. Alifundwa namna ya kusema na namna ya kunyamaza, namna ya kuishi na mume, mawifi na njaa. Siku ya ngoma ilikuwa ni kuwaonyesha watu kitu kilichokwisha kuiva.

Mashindano ya televisheni yanageuza mambo. Yanamtoa mwali kwanza. Leo yuko foleni ya usaili na kandambili zake, baada ya wiki chache nchi nzima inamjua kwa jina, anapigiwa vigelegele, anatunzwa mamilioni. Halafu taa zinazimwa, jukwaa linafunguliwa, wafanyakazi wanakunja nyaya, na mwali anabaki barabarani amepambwa, hana kungwi. Kufundwa anafundwa na ulimwengu, tena mbele za watu.

Hilo ndilo ninaloliona kwenye safari za hawa vijana. Kipaji wanacho, wala siyo wavivu. Ila walitolewa kabla ya kufundwa.

WIMBO WA MWENZIO

Angalia shindano lenyewe linavyokwenda. Wiki hii unaimba wimbo wa msanii mkubwa wa Bongo Fleva, wiki ijayo wa zilipendwa, ijayo tena wa Mmarekani. Kwa lugha ya wanamuziki wa bendi hizo zinaitwa kopi. Wimbo ulishapendwa kabla hujaufungulia mdomo. Mtunzi alishakesha nao, prodyuza alishaupika. Wewe unaletewa chakula kilichoiva, kazi yako ni kukipakua vizuri.

Kupakua vizuri nako ni kipaji, sikatai. Lakini asubuhi ya pili mtangazaji wa redio hakuulizi tena kopi. Anakuuliza, "Ngoma mpya iko wapi?" Hapo ndipo mshindi anapogundua kwamba ana jina na hana wimbo. Wenzake waliotoka mtaani walikuwa na wimbo kabla ya jina. Walianza na ngoma moja iliyorekodiwa kwa taabu, ikapigwa kidogo kidogo, jina likafuata nyuma. Yeye jina limetangulia, na jina lina haraka. Kila wiki inayopita bila wimbo, watu wanaona kama anashuka, kumbe bado hajaanza kupanda.

Kuna na suala la kikombe chenyewe. Majaji na wapiga kura humpenda anayeweza kuimba kila kitu, leo taarab, kesho R&B, keshokutwa dansi. Soko linataka kinyume chake. Linataka mtu mwenye sauti moja ambayo ukiisikia kwenye daladala, hata hujaona sura, unasema huyu ni fulani. Kinachokupa ushindi ndicho kinachokuchelewesha ukishashinda.

Linganisha na Tanzania House of Talent, ile THT aliyoianzisha marehemu Ruge Mutahaba mwaka 2005. Pale hapakuwa na meseji wala fainali. Vijana walikuwa wanakwenda kila siku, wanafanya mazoezi ya sauti, wanacheza, wanashika vyombo, wanatunga. Kina Mwasiti, Barnaba, Linah na Amini walikaa ndani kwanza kama wali. Walipotolewa, walitoka na nyimbo mkononi.

ALIYERUDI NDANI

Katika wote waliopita Bongo Star Search, ninayempigia mfano zaidi ni mtu ambaye hakushinda. Peter Msechu, kijana wa Kigoma, mwaka 2009 alifika mpaka mwisho akashika nafasi ya pili nyuma ya Pascal Cassian. Mtu mwingine angekaa mtaani akilalamika kwamba kura zimechezewa. Yeye mwaka 2010 alikwenda Nairobi, kwenye Tusker Project Fame.

Waliokuwa wanaangalia wanakumbuka. Lile shindano la nchi za Afrika Mashariki lilikuwa tofauti kidogo. Washiriki walifungiwa kwenye jumba moja lililoitwa akademi, wana walimu wa sauti na wa jukwaa, kamera zinawaangalia wakijifunza na wakikosea. Kwa maneno ya huku kwetu, Msechu alishatolewa ngoma, akakubali kurudi ndani kufundwa. Akashika tena nafasi ya pili, safari hii nyuma ya Davis Ntare wa Uganda. Mara mbili wa pili! Kuna watu hapo wangeacha muziki wakafungua duka.

Lakini mwaka 2012, wasanii wenye asili ya Kigoma walipokusanyika kurekodi "Leka Dutigite", Msechu alikuwemo kwenye kundi moja na Diamond Platnumz. Hakuitwa pale kwa sababu ya kikombe, maana kikombe hana. Aliitwa kwa sababu ni mwimbaji. Ni mtu anayeweza kusimama na bendi, sauti ya laivu, bila kujificha nyuma ya CD. Hiyo ni bidhaa inayouzika kwenye harusi, kwenye sherehe za kampuni na kwenye kumbi, hata mwaka ambao huna wimbo redioni.

Kala Jeremiah naye alipita kwenye shindano hilo siku zake za mwanzo, bila taji. Shindano la kuimba kopi lingemtambua vipi mtu ambaye utajiri wake wote uko kwenye maneno anayoyaandika mwenyewe? Alipotoa "Dear God", kila mtu akajua alikuwa na nini kifuani, na mwaka 2013 akatwaa tuzo ya msanii bora wa hip hop kwenye Tuzo za Kili.

Na Walter Chilambo? Huyu yeye alishinda kweli. Mwaka 2012, enzi za Epiq Bongo Star Search iliyodhaminiwa na Zantel, akaondoka na shilingi milioni 50. Akatoa nyimbo za mapenzi, akapambana kama kijana yeyote wa Bongo Fleva. Miaka kadhaa baadaye akahamia kwenye Injili, na huko ndiko sauti yake ilikokaa nyumbani. Leo wapo mashabiki wanaomwimba kanisani ambao hata hawajui kwamba aliwahi kusimama mbele ya majaji. Ya moyoni mwake anayajua yeye na Mungu wake. Mimi ninachokiona ni kwamba ilimchukua miaka, baada ya ushindi, kujua yeye ni mwimbaji wa namna gani. Ile miaka ndiyo ndani yake.

Duniani kote iko hivyohivyo. Jennifer Hudson alitolewa American Idol mwaka 2004 akiwa nafasi ya saba, na mwaka 2007 akanyanyua Oscar kwa filamu ya Dreamgirls. One Direction walishika nafasi ya tatu kwenye The X Factor ya Uingereza mwaka 2010, wakaitikisa dunia. Wapo pia walioshinda na wakadumu, kama Kelly Clarkson, mshindi wa kwanza wa American Idol mwaka 2002. Kushinda hakukuharibii. Ila kushinda siyo kufika, na wahenga walishasema kutangulia si kufika.

MILIONI 50 NI SHILINGI NGAPI?

Sasa tuongee mshiko, maana bila huo hakuna anayepanga foleni saa kumi alfajiri.

Milioni 50 ukiisikia inatisha. Huku Kibaha, ambako watu wa Dar wanakimbilia kununua viwanja, ukiitaja tu madalali wanakuita bosi. Lakini chukua kalamu. Ukiigawa kwa miaka mitano, yaani miezi 60, unapata kama shilingi laki nane na elfu thelathini na tatu kwa mwezi. Ni mshahara wa mfanyakazi wa kawaida, tena mwenye gharama ambazo mfanyakazi hana. Toa hela ya studio. Toa ya video. Toa nguo, maana nyota havai shati lilelile mara mbili. Toa mjomba aliyekumbuka leo kwamba mlicheza wote utotoni, toa mchango wa kanisa, toa harusi saba. Mwaka haujaisha, umebaki na cheni shingoni na deni la kodi ya nyumba.

Na mapenzi je? Si tuko kwenye gazeti la mapenzi jamani, tusikwepe.

Kuna dada mmoja, jina naliweka kapuni na shindano lake pia, alifika hatua za mwisho akarudi mtaani akiwa staa. Mpenzi wake wa muda mrefu, kijana mzuri tu asiye na neno, akajitolea kumshikia mambo. Akawa anapokea simu za mapromota, anapanga bei za shoo, anabeba begi. Kila mtu akamwita meneja. Ili kurahisisha, laini ya kazi wakaisajili kwa jina lake yeye mwanaume.

Miezi minane baadaye penzi likaisha, kwa sababu zilezile mapenzi yanazoishia kila siku. Kijana akaondoka na laini yake, na nani wa kumlaumu? Ilikuwa yake kisheria. Mapromota wote nchini walikuwa na namba ile tu. Yule dada alikaa karibu mwaka mzima simu hailii, watu wanasema kafulia, kumbe simu inalia kwa mwanaume mwingine na inajibiwa "ameacha muziki". Aliponisimulia hakuwa na hasira tena. Alisema kinachomuuma ni kwamba alipoteza mchumba na kazi siku moja, kwa sababu aliviweka kwenye mkoba mmoja.

Mimi siwaambii muwakimbie wapenzi wenu mkishapata jina. La hasha. Mpenzi wa wakati wa kandambili ndiye wa kumng'ang'ania. Nasema mapenzi yawe mapenzi na kazi iwe kazi, na laini iwe na jina lako.

KIKAO CHA TANGINI

Sasa nirudi kwenye ugomvi wetu. Dada yangu ni mama ntilie, anauza supu na chapati karibu na barabara ya Morogoro. Ana binti wa miaka 20, sauti yake ukiisikia kwaya inakaa kimya yenyewe. Mwaka ule alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Dada alipokea mchezo, milioni moja na laki tatu, hela aliyoichangia kwa jasho kwa miezi mingi, na ilikuwa ya ada.

Binti akaitaka. Alitaka kukodi mwalimu wa sauti, kununua nguo, kupanga chumba Dar karibu na usaili wa shindano moja la kuimba na kurekodi wimbo mmoja wa kisasa. Mama yake akakubali. Kaka yetu mkubwa akasema huo ni uhuni. Wakaniita mimi, maana mimi ndiye msomi wa familia, digrii ya mawasiliano, na kazi yangu ni kukaa na hawa mastaa.

Nikasema ada isiguswe. Nauli ya kwenda usaili nitatoa mimi, na chakula, na pa kulala kwa shoga yangu Kimara. Ila kabla hajaenda, nataka nyimbo tano alizotunga mwenyewe, hata kama ni za kuimba na makofi tu.

Binti akaniangalia. Akasema kwa adabu zote, "Mama mdogo, na wewe ulipokwenda kusomea mawasiliano, ulikuwa na uhakika gani kama utapata kazi? Bibi aliuza mikorosho kule Kisarawe ili wewe usome. Hakukwambia kwanza andika magazeti matano."

Jamani. Kikao kizima kiligeuka kuniangalia mimi. Na alikuwa sahihi kwamba kila mzazi anayelipa ada anacheza kamari. Nilimjibu kwamba tofauti ni moja. Mimi nilikwenda kukaa ndani miaka mitatu, nikifundwa, hakuna aliyekuwa ananijua. Yeye anataka kutolewa wiki ijayo. Sijui kama jibu lilimtosha. Ada haikuguswa.

Nyimbo alitunga tatu. Alikwenda, akapanga foleni toka usiku, akaimba sekunde chache akaambiwa asante. Dada yangu alinuna, na mpaka leo likitokea jambo analirudisha. Anasema angekuwa na mwalimu na gauni la maana, mwanawe angepita. Siwezi kumthibitishia kwamba asingepita. Hakuna anayeweza. Hilo ni deni nitakaloishi nalo kwenye undugu wetu, na bado nikiitwa kikao kesho nitasema vilevile.

Binti yuko chuo, mwaka wa pili. Jumamosi anaimba na bendi ndogo ya harusi hapa Kibaha, analipwa elfu thelathini, siku nzuri na bahasha ya kutunzwa. Hanichukii, ila haniimbii tena nyimbo zake mpya. Anamwimbia mama yake. Nasikia zimefika tisa.

KWA WEWE UNAYEJIANDAA

Siku hizi hata televisheni huhitaji. Ukiimba jikoni ukaweka TikTok, unaweza kutolewa mwali saa mbili usiku na saa tatu nchi nzima inakujua. Mlango umekuwa mpana, lakini ndani hakuna kungwi vilevile. Kwa hiyo chukua haya machache kutoka kwa dada yako.

Kwanza, nenda kwenye shindano, usiogope. Jina ni mtaji. Ila nenda na nyimbo zako mfukoni, ili siku utakapoulizwa ngoma mpya iko wapi, uwe nayo.

Pili, usome mkataba kabla hujatia sahihi, na kama hujauelewa mtafute anayeuelewa, siyo anayekupenda. Nyimbo zako zisajili COSOTA kwa jina lako.

Tatu, ukipata hela, lipa kwanza miezi yako 12 ya kodi na chakula. Hiyo ndiyo miezi yako ya kukaa ndani na kutunga bila kuhaha.

Nne, ukiwa wa pili, wa saba, au ukiambiwa asante kwenye foleni, bado hujahukumiwa. Umerudishwa ndani tu. Tumia nafasi hiyo.

Na wewe mzazi, mume, mke au mchumba wa hawa vijana, usimsubiri kwenye kamera tu na fulana yenye picha yake. Msubiri Jumatatu ile ya kwanza ambayo simu haijalia. Mpikie chai, mwambie akuimbie alichotunga. Kama ni kibaya mwambie ni kibaya.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.